Marisau ya Waheshimiwa

Nchi inayosimuliwa hapa ina jina, tena zuri, lakini sheria inataka jina hilo litamkwe kwa kusimama wima, na kwa kuwa wasomaji wengi husoma wakiwa wamekaa, ni afadhali liachwe. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani. Haijapigana na jirani yeyote, haina waasi, na simba wake wa mwisho alikufa kwa uzee katika bustani ya Ikulu akiwa na cheo cha ukanali. Kwa sababu ya amani hiyo yote, wakubwa wake wanapenda sana bunduki.

Si bunduki yoyote. Ni bunduki ya marisau, ile itupayo punje nyingi za ledi kwa mpigo mmoja, tena ya aina inayojikoki yenyewe. Ukiifyatua, teke la mlipuko hurudisha mtambo wake nyuma, ganda tupu likatemwa na ganda lenye baruti likaingia mahali pake, bila mkono wa mtu. Aliyeibuni alikuwa na bata akilini. Katika nchi hii haiui bata. Inalenga sahani za udongo zinazorushwa hewani na mashine, na mchezo huo umetangazwa kuwa Burudani ya Taifa. Waziri anapokula kiapo hushika Katiba kwa mkono wa kushoto na bunduki kwa mkono wa kulia. Na kwa kuwa bunduki ni nzito, Katiba imepunguzwa kurasa ili isimsumbue.

Uzito huo ulikuja kwa desturi. Kila heshima anayopewa mkubwa lazima ifungwe kwenye bunduki yake. Nishani ya utumishi bora hufungwa kwenye mtutu. Shahada ya heshima ya chuo kikuu huviringishwa na kutiwa ndani ya kitako. Akizindua daraja, hupewa boliti moja ya daraja hilo, na ndiyo maana madaraja ya nchi hii hutikisika. Zamani mkubwa aliweza kuinua bunduki yake mwenyewe. Siku hizi bunduki hulazwa juu ya mkokoteni wenye magurudumu ya mpira, ukafungwa breki, na Mheshimiwa akaisogelea kwa shavu kama mtu anayesikiliza ukuta.

Hapo ndipo palipotokea kasoro ndogo. Bunduki ya aina hii hujikoki kwa teke lake, na kitu kizito kiasi hicho, tena kilichofungwa breki, hakipigi teke. Mheshimiwa alifyatua mara moja, ganda tupu likabaki ndani, na bunduki ikanyamaza. Jambo lenyewe lingeweza kumalizwa kwa kufungua mapambo. Kwa hiyo ikaundwa tume. Tume ilizunguka nchi kadhaa zenye hoteli nzuri, ikarudi na taarifa kwamba bunduki inayompiga teke waziri ina utovu wa nidhamu, na kwamba bunduki iliyoacha kupiga teke imestaarabika. Ikapendekeza kila bunduki inayojikoki yenyewe ipewe maofisa watatu wa kuikoki: mmoja wa kuvuta, mmoja wa kutoa ganda, na msimamizi wao.

Kuhusu kulenga, hakukuwa na tatizo lolote. Kanuni za Burudani ya Taifa zinasema sahani ikivunjika, imepigwa. Hazisemi ivunjwe na nini. Na kwa kuwa sahani zote, baada ya kuponea marisau ya Mheshimiwa, zilianguka kwenye mawe na kuvunjika, hakuna mkubwa aliyewahi kukosa.

Marisau nayo yalikuwa na mahali pa kwenda. Yalivuka bonde, yakatua katika bwawa la matete, na maji ya bwawa hilo yalichujika polepole chini ya kilima hadi chemchemi ya Chamwiko, ambako mji mzima ulichota maji ya kunywa. Uwanja wa kulengea ulijengwa hapo kilimani kwa ombi la Waziri wa Maji, aliyetaka kufanya burudani yake bila kwenda mbali na kazi yake.

*

Dkt. Somoe Mbaruku alikuwa Mkemia Mkuu wa Wizara ya Maji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, asiyependa sifa. Kwake maji hayakuwa machafu wala safi. Yalikuwa na kitu fulani, kwa kiasi fulani. Mdogo wake, Siwema, aliyeolewa Chamwiko, alisema kwamba wakiwa wadogo paka wao alipokufa watu wazima wote walimwambia amesafiri, isipokuwa Somoe, aliyempeleka nyuma ya jiko na kumwonyesha mahali alipofukiwa. Tangu siku hiyo Siwema hakuwa na habari ya kuuliza mtu mwingine.

Somoe alipofika Chamwiko kumtazama, alikuta mtoto wa Siwema, Tunu, amelala mkekani akishika tumbo mchana kweupe, wakati wenzake wanafukuza kuku.

"Msalimie mama mkubwa," Siwema alimwambia.

Tunu alimtazama mama yake mkubwa, akanyoosha kidole kuelekea mlango, akakirudisha.

"Huyu alikuwa anasema sentensi nzima, dada. Alikuwa ananitukana! Mimi nampiga, huku nacheka. Sasa ni vidole tu."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli. Mganga wa kituo kasema minyoo, tukampa dawa. Tukarudi, kasema minyoo. Nadhani ndilo neno pekee alilofaulu chuoni."

"Wengine je?"

"Mtoto wa Bi Chausiku anaanguka kifafa. Mzee wa jirani mkono umelegea, hashiki hata kijiko. Mimi mwenyewe tumbo linanisokota kama nguo inayokamuliwa." Siwema akacheka kidogo. "Labda tumerogwa kwa jumla, kwa bei nafuu."

"Fungua mdomo."

"Mimi au mtoto?"

"Wewe."

Siwema akafungua. Somoe akaushusha mdomo wa chini kwa kidole gumba. Penye ufizi, chini kidogo ya meno, ulipita mstari mwembamba wa buluu, kana kwamba mtu ameuchora kwa kalamu.

"Unanikagua kama ng'ombe wa mnada," Siwema alisema bila kufunga mdomo. "Nina bei?"

Somoe aliuliza wanakochota maji.

Alipima maji ya chemchemi, na alipoona matokeo akapima tena kwa mashine nyingine, kwa sababu matokeo ya kwanza yalikuwa na sura ya makosa. Hayakuwa makosa. Akaomba damu za watu waliokubali, wa kwanza wakiwa Siwema na Tunu ili wengine wasiogope, na hizo nazo akazipima. Ledi, ile metali nzito ya kijivu ya kwenye betri za magari, ilikuwamo kwenye maji, ilikuwamo kwenye damu, na kwa watoto ilikuwa nyingi zaidi kuliko kwa wazazi wao.

Aliwakusanya akina mama chemchemini na kuwaambia kwa maneno machache. Maji haya yasinywewe, yasipikiwe. Kuyachemsha hakusaidii. Waende mtoni.

"Mtoni kuna mamba, daktari," Bi Chausiku alisema.

"Mamba mnamwona."

Wakatazamana. Mmoja akaguna, mwingine akajitwisha ndoo tupu, na wakaelekea mtoni kwa mstari, wakitukana kwa sauti ya chini watu wasiowataja.

*

Jumamosi iliyofuata Somoe alipanda kilimani kumwona bosi wake.

Mheshimiwa Makario Bulugu, Waziri wa Maji na bingwa wa Burudani ya Taifa, alikuwa anapamba. Fundi alikuwa amepiga magoti pembeni ya mkokoteni akiongeza pambo jipya mahali ambapo hapakuwa na nafasi. Bunduki ya Waziri ilijulikana nchi nzima. Kitako kilikuwa cha mpingo uliochongwa ukoo wake, ukianzia na mamba. Ilikuwa na darubini mbili, moja ya kuonea mbali na nyingine yenye picha ya Rais ndani yake, ili jicho la Waziri lisipotee. Ilikuwa na taa, feni, redio na kishikio cha kikombe. Juu ya mtutu, kwenye kamba za dhahabu, kilifungwa kipande cha bomba kutoka mradi mkubwa wa maji wa kaskazini. Hicho kilikuwa kipande pekee cha mradi huo kilichowahi kuonekana na mtu.

"Sahani!" Waziri akaita.

Sahani ikaruka. Bunduki ikalia, feni ikasimama, njiwa wote wa wilaya wakahama. Sahani iliendelea na safari yake kwa utulivu, ikainama, ikaanguka kwenye mawe.

"Imevunjika?" Waziri aliuliza, shavu lingali kwenye kitako.

"Imevunjika, Mheshimiwa!" akajibu Bwana Kiloko, Katibu wa Wizara, mtu mwenye shingo iliyozoea kuinama hata akiwa peke yake. "Vipande vipande. Haina hata jamaa wa kuizika."

Maofisa watatu wakaanza kazi ya kuikoki bunduki inayojikoki yenyewe. Mmoja akaweka mguu kwenye mkokoteni ili apate nguvu. Waziri akageuka.

"Aa, Daktari! Umekuja kulenga?"

"Nimekuja kuomba usilenge, Mheshimiwa."

Katibu Kiloko akatazama chini kwa niaba ya wote.

"Marisau yanaangukia bwawani," Somoe alisema. "Maji ya bwawa yana uchachu wa majani yaliyooza, kwa hiyo yanaiyeyusha ledi kidogo kidogo na kuishusha chemchemini. Watu wa Chamwiko wanainywa. Nimepima maji na damu zao. Imo mara ishirini ya kiasi kinachoruhusiwa."

"Kinachoruhusiwa," Waziri akarudia. Neno lilimwingia. "Nani kawaruhusu?"

"Kiwango ndicho kinaruhusu, Mheshimiwa. Nazungumzia kiwango cha kitaalamu."

"Mimi nazungumzia watu. Ledi hiyo ni ya nani?"

Somoe alifikiri swali hilo lina mtego wa kisiasa, na kama kawaida yake akalijibu kwa ukweli. "Ya Jamhuri."

"Umesikia, Kiloko? Nani kawaruhusu kunywa marisau ya Jamhuri?"

"Hawakuomba, Mheshimiwa," Kiloko alisema kwa huzuni. "Watu wetu hawaombi siku hizi."

"Watoto wanapoteza kauli," Somoe akasema. "Wanaanguka kifafa. Dawa yake ni rahisi. Uwanja uhamishwe upande wa pili wa kilima, au mtumie marisau ya chuma, ambayo hayana sumu."

Wakubwa waliokuwa wakipambiwa bunduki zao pembeni waliacha mazungumzo. Meja mmoja alirudia neno "chuma" kama mtu aliyekuta nywele ndani ya pilau. Lakini Waziri hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayesikia habari njema kutoka mbali.

"Niambie, Daktari. Ledi ikiingia kwa mtu, inakwenda wapi?"

"Kwenye damu kwanza. Kisha inajificha mifupani."

"Inakaa?"

"Miongo."

"Haipotei?"

"Metali haipotei, Mheshimiwa. Inahama tu."

Waziri akafumba macho. "Mwaka jana Bunge liliniuliza marisau ya serikali huishia wapi. Nikajibu kwamba yako mahali salama." Akafumbua macho, yalikuwa na machozi ya kweli. "Na wapinzani wakacheka! Kumbe sikusema uongo. Yamo ndani ya wananchi. Lakini kwa nini hawakutuambia, Daktari? Mtu mwema akiokota mali ya serikali, anairudisha."

Nyuma yake msimamizi akasema, "Tayari, Mheshimiwa," na bunduki ikalia tena.

*

Sheria ya Silaha ya nchi hiyo inamkataza raia asiye na kibali kumiliki hata punje moja ya marisau, awe ameishika, ameificha, au ameiweka mahali popote anapopatawala. Wanasheria wa Wizara waliisoma na kukubaliana kwamba hakuna mahali mtu anapopatawala kuliko tumbo lake.

Wakazi walizolewa asubuhi wakitoka mtoni na ndoo zao. Hawakuzolewa wote, nchi hii haimkamati mtu bila ushahidi. Walichukuliwa wale tu ambao damu zao zilikuwa zimepimwa na Dkt. Somoe, kwa sababu kosa lao lilikuwa limethibitishwa kitaalamu. Waliokataa kupimwa, kwa woga au kwa ubishi, walibaki majumbani wakiwa raia wema. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Siwema. Wa pili alikuwa Tunu, na kwa kuwa hakuweza kujieleza, iliandikwa kwamba mshtakiwa amekataa kushirikiana.

Katibu Kiloko alikuja ofisini kwa Somoe mwenyewe, akifuta viatu mlangoni.

"Hongera, Daktari. Umegundua akiba ya taifa. Mheshimiwa amesema utafungiwa pambo kwenye bunduki yake. Mbele, karibu na bomba."

"Nataka kumwona mdogo wangu."

"Shahidi haonani na mshtakiwa, hilo unalijua. Wewe ndiye shahidi. Wa pekee! Mashine ni zako, macho ni yako." Akaketi bila kukaribishwa, akaweka mikono juu ya magoti. "Sisi tunataka jambo dogo tu. Utasimama, useme kwa kiapo kwamba ledi imo. Kisha useme inakaa mifupani muda gani. Kifungo kitakuwa cha muda huo huo. Hadi mali irejee."

"Mifupa huitoa kwa miongo. Mingine huitoa kaburini."

"Basi." Kiloko akaachia mikono kwa upole. "Wewe si ndiye unayetuandikia kila siku kwamba Wizara ifuate sayansi? Safari hii tunaifuata mpaka mwisho."

"Mtoto ana miaka minne."

"Mifupa yake ni midogo. Huenda ikawa nafuu."

Somoe alimtazama mtu huyo kwa muda, kama alivyokuwa akitazama chupa ya maji kabla ya kuiwekea lebo.

"Na nikisema haimo?"

Kiloko akasimama, akapangusa suruali mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Hakuna mtu duniani anayeweza kubishana na mashine zako, Daktari. Wewe sema tu kilichopo."

Alipoondoka Somoe alibaki amekaa. Alikuwa mtu wa kupima pande zote mbili za jambo, naye akazipima. Akisema ledi imo, Siwema na Tunu na wenzao watazeeka ndani ya ghala la magobore ya zamani nyuma ya uwanja, walimofungiwa, ambako maji yalikuja kwa ndoo kutoka chemchemi ile ile. Akisema haimo, watatoka, na bunduki zitaendelea. Alitafuta jibu la tatu. Alilitafuta kwa uangalifu, kama anavyotafuta mtu aliyesoma, na akaona kwamba waliomwekea swali walikuwa wameyafagia mapema majibu yake yote isipokuwa hayo mawili. Lakini mtu akitoka ghalani, aliwaza, anaweza kuambiwa sikioni: nenda mtoni. Kwa hiyo jibu moja lilikuwa na mlango mdogo, na jingine halikuwa na mlango.

*

Mahakama iliketi uwanjani, ili waheshimiwa wasikatize burudani. Jaji alikuwa na bunduki yake kando, yenye mizani ya shaba mbele ya mtutu, upande mmoja wa mizani ukiwa umeshikizwa kwa waya ili usipeperuke. Washtakiwa waliketi kwenye nyasi. Tunu alikuwa amelala kwenye paja la mama yake, macho wazi.

Wakili wa Jamhuri alizungumza kwa mapana. Alisema kwamba katika historia ndefu ya wizi, wezi wamewahi kutumia mifuko, magunia na matumbo ya gari, lakini kamwe taifa halijashuhudia uhaini wa mtu kumeza hazina ya nchi yake glasi kwa glasi, tena huku akijidai ana kiu. Alimnyooshea Bi Chausiku kidole na kuuliza kama ni kweli alikunywa maji kila siku. Bi Chausiku alisema ni kweli.

"Na hukuona aibu?"

"Mwanangu, wewe hunywi?"

"Mshtakiwa ajibu, asiulize!" Jaji akasema.

Kisha akaitwa shahidi. Somoe aliapa kwa mkono mmoja juu ya Katiba nyembamba na mwingine juu ya bunduki ya Jaji, ambayo ilikuwa ya baridi.

"Dkt. Mbaruku," wakili akaanza, "umepima damu za washtakiwa?"

"Nimepima."

"Eleza mahakama ulichokikuta."

Siwema alikuwa anamtazama. Hakuwa na wasiwasi. Alimtazama dada yake kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, akingoja tu imwambie ni saa ngapi.

"Sikukuta kitu," Somoe alisema.

Wakili akapekua karatasi. "Lakini ulimwambia Mheshimiwa Waziri kwamba kuna ledi."

"Nilikosea. Chupa zilikuwa chafu. Nimerudia vipimo. Haimo kwenye damu wala kwenye maji."

"Una uhakika?"

"Mashine hazina kitu kingine cha kusema."

Watu walinong'ona. Katibu Kiloko aliangalia upande wa Waziri, akajiandaa kukasirika au kufurahi, kadiri itakavyohitajika. Waziri alikuwa na hotuba mbili, moja kila mfuko. Alirudisha ile ya kulaani uporaji, akatoa ya pili, akainuka.

"Ndugu wananchi! Leo sayansi imesimama na kuusafisha uwanja wetu. Imesemwa na wenye nia mbaya kwamba burudani yetu inadhuru. Sasa nani anadhurika? Maji ni safi! Yamethibitishwa! Na kwa kuwa ni safi, natangaza hapa kwamba uwanja utaongezwa hadi ukingo wa bwawa, ili walengaji wapya nao wapate nafasi. Na kwa kuwa ni safi, Idara ya Upimaji haina tena cha kupima. Inafungwa leo. Dkt. Mbaruku anapandishwa cheo, awe Msimamizi Mkuu wa Wakoki Bunduki wa Taifa, naye ataondoka nasi leo hii kwenda makao makuu."

Wakubwa wakapiga makofi. Jaji akawaachia washtakiwa wote kwa onyo kali. Walinyanyuka kwenye nyasi wakijikung'uta, hawajui wamshukuru nani. Somoe alitaka kushuka kwenye kizimba aende walipo, lakini mkono wa Waziri ulikuwa tayari begani kwake, na Kiloko amesimama upande wa pili kama komeo.

"Maneno matupu hayatoshi," Waziri aliwaambia watu. "Hawa wametishwa, masikini. Wameacha kuchota hapa, wanakwenda kuliwa na mamba mtoni. Nani atawarudishia imani? Daktari wao! Leteni maji ya chemchemi!"

Maji yakaletwa katika glasi ya Ikulu. Yalikuwa maangavu. Somoe aliyashika juu kidogo, kwa mazoea, akayatazama dhidi ya mwanga. Alijua kilichomo, alijua pia kwamba glasi moja kwa mtu mzima ni kidogo sana, kwamba haimaanishi chochote mwilini. Akanywa yote.

"Yana ladha gani?" Waziri akauliza kwa sauti ya kusikika mbali.

"Hayana ladha," Somoe alisema. Huo ulikuwa ukweli mtupu; ledi haijulikani kwa ulimi.

"Mmesikia! Hayana ladha ya kitu!"

Akina mama wakaanza kunong'ona tena, sasa kwa namna nyingine. Jua lilikuwa kali, tangu asubuhi hawakuwa wamepewa maji, na mto ulikuwa mbali. Bi Chausiku ndiye aliyetangulia. Akajitwisha ndoo yake aliyokamatwa nayo, akashuka kuelekea chemchemini, na wengine wakamfuata, wakicheka kama watu waliosamehewa. Siwema alibaki nyuma. Alimkokota Tunu hadi mbele ya kizimba, akasimama hapo, ndoo mkononi.

"Dada," akasema. "Kweli ulikosea?"

"Nilikosea."

"Basi niteke?"

Kidole gumba cha Waziri kilicheza polepole juu ya mfupa wa bega la Somoe. Mpiga picha wa Wizara alikuwa amesogea karibu, amepiga goti. Nyuma yao maofisa walikuwa wanavuta, wanatoa ganda, wanasimamia. Somoe alimtazama mdogo wake machoni kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akitaka yasomeke humo yale yasiyoweza kusemwa. Lakini Siwema hakuwahi kuhitaji kuyasoma macho ya dada yake. Maneno yake yalikuwa yakitosha siku zote.

"Mjibu mdogo wako, Daktari," Waziri alisema kwa upole. "Watu wanasubiri."

"Teka," Somoe alisema.

Siwema akashuka, akachota, akarudi na ndoo imejaa ili aage. Alikuwa na furaha. Aliweka ndoo chini mbele ya kizimba, akachovya kikombe, akamwinua Tunu kichwa. Waziri akaomba wasubiri kidogo mpaka picha iwe tayari. Kisha akaashiria.

Kilikuwa kikombe cha bati, cha kawaida, cha nusu lita. Somoe aliona kwamba kilijazwa mpaka juu, na kwamba mtoto alikuwa na kiu sana, na kwamba alikimaliza.